Komeo la Meli Clarissa

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Leo meza ya nne, nje ya buchari yetu hapa Kikopey — mzungu mzee na watu watano, kilo tatu za mbuzi. Nakatakata nyama, nasikia: Clarissa! Wapiga mbizi wameipata baharini, kaskazini ya Malindi. Ilikuwa meli ndogo ya kubeba chumvi na nguo, ikazama 1953, watu sita wakafa.

Mzungu ni Thornley, mkulima wa ngano kule Mau Narok. Babake ndiye alikuwa kapteni. Kiswahili chake kinashinda changu. Akawaambia wenzake meli ilizamishwa na mshika usukani mlevi, Mluhya mmoja anaitwa Wasike. Wakacheka.

Huyo ni kuka wangu! Mzazi wa baba yangu!

Niliweka kisu chini. Nikasema, mzee, huyo mtu ana wajukuu. Na hakuwa kwa usukani, alifungiwa stoo! Akaniangalia kama nzi kwa supu. "Pole, mama. Lakini mahakama iliamua." Akaitisha ugali. Na mimi nikampelekea. Hiyo ndiyo inaniuma.

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Baada ya kanisa nilipita kwa Baba, Nakuru. Makosa makubwa.

Baba alikua kwa landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, akiitwa mtoto wa mlevi. Jina la babake hakumpa mtoto yeyote kati yetu. Nikamkumbusha kile kuka alisema mpaka siku ya kufa — kwamba alibishana na kapteni kuhusu mwamba ulio mbele yao, kapteni akamfungia stoo, na meli ilipogonga akavunja kioo na kutokea kwa kidirisha.

"Alikunywa," Baba akasema. "Mimi ndiye nilikuwa namtoa kwa mtaro."

Alianza kunywa baada ya jela waliyomfunga kwa ajili ya hiyo meli, nikamwambia. Akasimama. Toka kwangu, Sue, na chapati zako utoke nazo.

Nimezila zote kwa stage ya matatu. Kwa hasira.

Jumatano, 8 Oktoba 2025

Msichana mmoja wa meza ya nne amerudi, peke yake. Chepchumba, mpiga mbizi — kumbe kwao ni Olenguruone! Anasema siku ile hakucheka. Labda. Sikuangalia sura.

Akauliza, kuka alisema ni stoo gani? Nikasema ya nyuma, karibu na injini. Akatoa simu, akanionyesha picha.

Mlango wa chuma, umejaa matumbawe. Komeo liko nje. Limefungwa! Na kidirisha hakina kioo.

Nililia mbele ya wateja. Kibii, wetu wa kuchoma, akadhani ni moshi.

Chepchumba anasema Thornley anazo hizo picha tangu Agosti. Amesema haziendi kwa maonyesho. Boti ni yake, safari ni yake. Siku ya Mashujaa anafanya ukumbusho kwa holi moja Nakuru: kapteni shujaa, kuka mlevi, yote kwa jiwe.

Nimemtumia Baba picha. Tiki mbili za buluu: ameiona.

Ijumaa, 17 Oktoba 2025

Thornley amenipigia. Anajua Chepchumba ameniambia, na amemfuta kazi. Sauti pole, pole — afadhali angetukana. Babake aliokoa watu wanane kwa mikono yake, nijue hilo. Nikasema sikatai. Lakini mmoja alimwacha nyuma ya mlango.

Akasema nikionekana holini, askari watanitoa.

Baba bado kimya. Siku tisa.

Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Naandika nimekaa kwa ukingo wa barabara, nje ya holi. Kiatu kimoja kimebaki ndani.

Chepchumba alinipitisha mlango wa jikoni. Nilikuwa nimepanga kusimama, kusema — na nikaganda! Thornley alimaliza majina ya waliokufa, akaanza kumsoma kuka. Ulevi. Uzembe. Mimi nimekaa tu kama gunia.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. "Mimi ni mtoto wa Wasike."

Baba! Na suti yake ya kanisa. Picha ya ule mlango ameichapisha, kubwa, ameishika juu kwa mikono miwili. Thornley akasema kwa maiki, mtoeni huyo mzee. Askari wakamvuta, mkono wa koti ukachanika. Hapo sasa nikaamka. Mmoja nimemuuma. Sijutii.

Walitutupa nje. Nikasema Baba, twende nyumbani. Hataki. Amesimama katikati ya geti na picha yake. Wageni wanatoka, na kila mmoja lazima apite ubavuni mwake. Baba anamwambia kila mmoja yale maneno matano, "Mimi ni mtoto wa Wasike," kwa heshima, kama anasalimia. Wengine wanaharakisha. Mama mmoja ametoa miwani, anaangalia komeo. Anaangalia sana.

Gari la Thornley limefika kwa geti. Anapiga honi.

Baba hasongi.