Tiki ya Jana

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Nguo za kwenye beseni zianike, zisianze kunuka.

Asubuhi nimemkuta mama yako amekaa mlangoni, kavaa viatu, kadi ya kliniki mkononi, anakusubiri. Wewe unakoroma. Nikafungua ile programu ya kupanga kazi za nyumba kwenye simu yako: “Kumpeleka Mama kliniki” ina tiki tangu jana. Kumbe wewe unaweka tiki ukishasoma, si ukishafanya. Ndiyo maana bomba la jikoni linavuja wiki ya pili na simu inasema limetengenezwa.

Nimempeleka mimi. ~~Uje utuchukue saa sita.~~ Usije, tutarudi wenyewe.

Akiniuliza tena mwanawe yuko wapi, nitamwambia simu inasema umeshampeleka.

Mkeo