Kwa Elifuraha, Aliyepanda Lori la Samaki

Binamu Elifuraha,

Barua za watu huanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako. Mimi ni mzima. Kwako sina hofu yoyote, maana umelala zako chini ya migomba ya mama yako, husikii baridi wala huulizwi maswali. Maswali yako yote naulizwa mimi.

Nimekaa kibarazani kwenu, kwa shangazi, naandika kwenye daftari lako la mazoezi. Usinune, kurasa nyingi uliziacha tupu. Ukurasa wa kwanza umeandika, "Jumatatu: kupanda mlima mara mbili." Jumatatu ile ulikuwa stendi ya Same unacheza drafti mpaka jua likazama, nilikuona kwa macho yangu. Hata daftari lako mwenyewe ulilidanganya, na sijui ulitegemea nani alisome.

Habari za huku, kwa kuwa barua lazima iwe na habari. Mvua za vuli zimekuja na kuondoka tangu tukuzike. Same mjini hungepatambua. Sabuni za kila rangi, redio, baiskeli mpya zenye gia zimening'inizwa madukani kama nyama buchani. Sisi tuliokulia kwenye foleni ya sabuni ya mche na sukari ya mgao, tuliotumia tairi moja la baiskeli kwa kupokezana mwaka mzima, leo matairi yako tele na pesa ndiyo haionekani. Shamba la katani kule bondeni limeota magugu. Vibarua wake waliotoka Kigoma na Iringa sasa wanapanga mitumba kando ya barabara. Nimenunua raba kwao. Zinanibana, lakini zitaachia.

Habari kubwa ni hii. Yule mhandisi wa mradi wa maji aliyetuanzishia mashindano ya michezo mitatu amemwandikia mtendaji wa kijiji. Yale mashindano marefu aliyotuahidi yapo palepale: kuogelea ziwa la Nyumba ya Mungu mara mbili ya umbali wa mara ya kwanza, baiskeli kutoka huko mpaka Hedaru na kurudi Same, halafu miguu, kukata milima mpaka Bombo. Wanaitwa watatu wa kwanza wa mashindano yaliyopita. Wewe ulikuwa wa tatu, mimi wa nne. Kwa kuwa umekufa, nafasi yako nimepewa mimi.

Mtendaji aliitangaza siku ya msaragambo, kijiji kizima tukiwa na majembe, matope magotini, tunazibua ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Akasema, "Namkunda, binamu yako amekuachia urithi. Usimwangushe." Watu wakapiga makofi. Nami nikasema asante. Nilisimama kwenye matope, Elifuraha, nikakushukuru mbele za watu kwa kitu ulichoniibia.

Ngoja nikukumbushe, maana naona umekufa na sifa nzuri mno.

Siku ya mashindano uliniacha majini, sikatai. Sote tulijifunza kuogelea kwenye ndiva hiyohiyo, asubuhi kabla haijafunguliwa kwenda mashambani, tukiyavuruga maji mpaka mzee wa zamu anatutimua kwa fimbo. Lakini ndiva yetu inakomea kifuani. Nyumba ya Mungu, mtu wa mlimani akishusha mguu asipate chini, moyo unamhama. Wangu ulihama. Nilielea chali nikiangalia mawingu mpaka moyo uliporudi. Nilipotoka ulikuwa bado ufukweni unafunga viatu polepole, makusudi, ili uniseme. "Namkunda, umekunywa ziwa lote, wavuvi watakula nini?" Nikacheka. Kila nikikumbuka kwamba nilicheka naudhika upya.

Kwenye baiskeli nilijua nitakupata. Wewe ulikuwa na baiskeli ya kutembelea, yenye rimu ulizozipaka rangi nyekundu ili wasichana waione ikija. Mimi nilikuwa na ile chuma ya Kichina ninayoshusha nayo magunia ya tangawizi sokoni na kupanda nikiisukuma, miaka mitano sasa. Nilikukuta umeinama kando ya lami, cheni imetoka, mikono myeusi. Nilikupita. Nilipiga kengele tu. Wakati ule nilikuwa mimi wa tatu, na upepo wa Same unanipiga kifuani, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kanisani wala harusini.

Kisha nikasikia honi nyuma. Lori la wachuuzi wa samaki, limejaa matenga ya perege mpaka juu. Juu ya matenga, baiskeli. Rimu nyekundu. Tairi la nyuma linazunguka lenyewe kwa upepo. Wewe umekaa katikati ya matenga. Ulinitazama. Tulitazamana, Elifuraha, tangu lori liliponifikia mpaka liliponipita. Halafu ukavuta turubai ukajifunika kichwa.

Kudanganya ningeweza kukusamehe. Miaka ile ya foleni nani hakuruka foleni? Mimi mwenyewe nilishawahi kubeba mtoto wa jirani ili nihurumiwe dukani. Lakini wewe ulinitazama kwanza, ukajua ni nani unayemwibia, ndipo ukajifunika.

Ulishuka kabla ya kituo cha Same, ukaingia ukihema kama mtu aliyenyonga baiskeli njia nzima. Mlima uliukimbia kweli, hilo nalo sikunyimi. Niliuona mgongo wako kona baada ya kona. Kwenye kona ya mwisho nilikukaribia mpaka nikasikia harufu ya samaki. Ulifika mbele yangu kwa urefu wa uwanja wa shule, wakakuinua mabegani. Shangazi alikuwa anacheza, kitenge kimemwanguka, analia, anasema, "Mwanangu, mwanangu." Huyo ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Nikajiambia nitasema kesho.

Kesho ikawa kesho kutwa. Wiki ya tatu homa ikakushika, na wewe kwa ubishi wako ukatoka kufanya mazoezi nayo. Zahanati haikuwa na dawa wala sindano, ikabidi tukuteremshe Same kwa machela, wanaume wanane wakipokezana, mimi nyuma na chupa ya chai. Hatukufika. Nitakuambia nilichowaza pale njiani walipokuweka chini, kwa sababu sijamwambia mtu. Niliwaza: hata leo amebebwa. Kisha nikakaa kwenye jiwe nikalia mpaka nikatapika.

Sasa sikia kosa langu mimi. Kwetu binamu ni mtani, na mtani msibani hana breki. Ulijua hilo, ulishawahi kulala ndani ya kaburi la babu ukakataa kutoka mpaka upewe jogoo. Kwako walikuja watani wote. Mmoja alivaa koti lako akatembea kwa ile mikogo yako. Kisha wakaniita mimi: "Mtani, msindikize mwenzio." Nikaona hii ndiyo nafasi. Nikasimama ukingoni mwa kaburi nikasema, "Msimlilie huyu. Lami aliipita juu ya lori la samaki. Kama hamwamini, mnuseni."

Walicheka, Elifuraha. Walicheka mpaka wazee wakashikana mabega. Mchungaji aligeuka pembeni, mabega yakimtikisika. Mtu akasema, "Huyu ndiye mtani." Ukweli niliokaa nao wiki tatu niliutoa siku pekee ambayo hakuna mtu angeuamini. Tangu hapo ukweli huo umekwisha kazi. Nilimfuata mtendaji ofisini kwake, nikamweleza taratibu, bila kucheka. Akacheka yeye. "Namkunda na utani wako, mwache marehemu apumzike." Umejifunika turubai mara ya pili, na safari hii nimekufunika mimi.

Kwa hiyo nafanya mazoezi kwa hasira, na hasira ni chakula kizuri kuliko ugali. Kila Ijumaa nateremka na baiskeli mpaka Nyumba ya Mungu. Wavuvi wamenizoea, wananitangulia na mtumbwi mpaka pasipo na chini, kisha wananiambia, "Dada, usitafute ardhi, haipo." Siitafuti tena. Jumapili baada ya ibada nakimbia kuelekea Bombo mpaka nusu ya njia, narudi na magoti yanawaka moto. Kijiji kinanisifu kwamba nakuenzi. Mtendaji amewaambia watu kwamba nitavaa fulana yako yenye namba kumi na nne. Amesema, "Elifuraha atakimbia tena." Nilikaribia kumpiga na pampu ya baiskeli.

Jana shangazi akaniletea hiyo fulana. Imefuliwa, imekunjwa, ina mikunjo ya pasi. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumkatalia kwa adabu. Hakunipa nafasi. Alisema, "Fulana hii niliifua mara tatu, mwanangu. Jasho hutoka mara moja. Hii ilikuwa perege."

Nikaipokea. Yeye akawa anaangalia migomba, kule uliko wewe. "Pale kaburini kila mtu alicheka. Mimi ulinisikia nikicheka?"

Nimefikiri usiku kucha na jibu ni hapana, sikumsikia. Alijua siku zote, akapika, akapokea pole, akasikia wanavyokusifu kila Jumapili, akameza peke yake. Mimi nilikuwa na hasira tu, yeye alikuwa na mtoto. Kisha akasema, "Sikuombi uivae. Nakuomba uipitishe ile barabara."

Basi hiyo ndiyo ahadi, sikiliza vizuri. Mtendaji nimemwambia leo asubuhi kwamba nitavaa fulana yangu, namba yangu, na jina litakaloitwa ni Namkunda. Amenuna, atazoea. Yako nitaifunga kwenye keria, pale ninapofunga magunia ya tangawizi, kwa mpira wa tairi, nikaze mpaka isitikisike. Itatoka na mimi ufukweni, itaiona lami yote, Same, Hedaru, na kurudi. Mlimani nitaifunga kiunoni. Nikifika nitamrudishia mama yako mkononi, akiisha kuinusa atajua mwenyewe.

Usije ukadhani nimekusamehe. Mtu hasamehewi kwa kufa, kufa kila mtu anaweza. Ungekuwa hai ningekukamata shati mbele ya watu wote, na baada ya hapo labda tungecheka. Hilo nalo uliniibia.

Lala, binamu. Siku ya mashindano lori litapita, lazima lipite, na dereva atapiga honi. Mimi nitajibu kwa kengele. Wewe utabaki palepale kwenye keria, na jua la Same litakupiga utosini kama lilivyonipiga mimi. Bombo tutafika jioni, tumechoka wote wawili.

Ni mimi, mtani wako ambaye bado hajacheka,
Namkunda