Kwa Tume, Aliyehamisha Maua ya Kilimani

Mke mwenzangu Tume,

Bado nakuita hivyo, hata kama talaka ilisema mengine. Amani ya Mungu ikufikie huko uliko. Barua hii anakuletea Mama Guyo, muuza maziwa wa hapa Kiwanjani, anayekuja huko kwenu kumwona mamake. Mwache akusomee mpaka mwisho. Miaka yote hii aibu ilinizuia kukuandikia. Sasa hofu imekuwa kubwa kuliko aibu.

Unakumbuka siku uliyoletwa nyumbani? Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa nimemzalia mume wetu watoto wanne, na bado alikuoa wewe, msichana kutoka upande wa Garbatulla. Nilikaa jikoni nikasikiliza ukishuka kwenye lori lake. Nilidhani utaingia na masanduku. Uliingia na kitambaa kilichofungwa fundo, ndani yake vitunguu sita vyenye rangi ya udongo. Nikakuambia kwa dharau, "Hapa vitunguu viko sokoni." Ukacheka. "Hivi haviliwi, dada. Hivi ni maua."

Ulivipanda nyuma ya nyumba, penye changarawe, kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, uliouchanganya na jivu kidogo, ukavizungushia miiba ili mbuzi wasivifikie. Mvua ilipoisha majani yakanyauka, nami nikaona huruma. Kila ulipokwenda sokoni niliyamwagilia maji ya kuoshea vyombo. Vitunguu vitatu vikaoza. Nilingoja unitukane. Ulivifukua, ukanishikisha kimoja, laini kama ini, ukasema, "Kiangazi, ua hili linalala, dada. Ukilinywesha likiwa limelala, linazama."

Tangu hapo nikawa mwanafunzi wako. Miaka mitatu hatukuona ila majani. Kisha, baada ya mvua ya masika, moja likachanua: jeupe, na mstari mwekundu umepita katikati ya kila petali. Ulilia. Ndipo ukanieleza kwamba utotoni mwako kilima cha kwenu kilikuwa kimejaa maua hayo. Watu wakachimba, mifugo ikakanyaga, yakabaki nyuma ya jiwe moja tu. Hukujua mahali pengine yanapoota. Ulitaka mbegu, ili kila mvua urudishe chache.

Mara moja ulinichukua. Tulipanda lori la mbuzi, tukatembea nusu siku, tukazika mbegu kwa vidole nyuma ya lile jiwe. "Sasa tuko wawili tunaojua," ulisema. Nilifurahi, Tume. Nilikuwa nimepewa kitu ambacho mume wetu hakuwa nacho.

Ni yeye aliyelitaja ua hilo mkahawani, kwa kujisifu tu. Wiki haikupita akaja yule bwana wa kofia kutoka Nairobi, mnunuzi wa maua adimu. Alikunywa chai yetu kwa adabu, lakini hakututazama sisi, alitazama ua. "Mengine yako wapi?" akakuuliza. Ukamjibu, "Hakuna mengine." Akatabasamu, akauliza tena, kwa sauti ile ile, kana kwamba hujasema kitu. Mara ya pili alikuja na zawadi. Mara ya tatu alikuja na magunia matupu, akayakunja vizuri na kuyaweka karibu na mlango wetu. Yalikaa pale siku tatu. Hakuna aliyethubutu kuyagusa.

Ulikuwa ule mwaka wa kiangazi kikali. Mizoga ya ng'ombe ilinuka kando ya barabara, na lori la mume wetu lilisimama kwa kukosa mifugo ya kubeba. Alikuuliza mahali, ukakataa. Akanifuata mimi jikoni.

"Mama Rashid, wewe si ulienda naye?"

Sikupigwa. Sikutishwa. Ilitosha kwamba aliniita kwa sauti ya zamani, ile ya kabla hujaja. Nikamwambia kila kitu, mpaka jiwe lenyewe. Nilipogeuka nikakuona uani, umeshika nguo mbichi mkononi. Ulikuwa umesikia. Uliianika, ukaibana vizuri, ukaingia ndani. Asubuhi hukuwepo.

Lori lilichelewa siku mbili kwa sababu ya gurudumu. Walipofika kilimani walikuta mashimo matupu. Mume wetu alirudi na hasira, akang'oa yale maua ya nyuma ya nyumba, akampa yule bwana yote. Nawe uliporudi, miguu imepasuka, udongo umejaa kwenye kucha, akakupa talaka pale langoni mbele ya majirani. Ulinitazama. Ungeweza kusema ni nani aliyetoa siri, nawe hukusema. Mimi niliinamia sufuria yangu nikakoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva.

Sasa sikiliza habari. Mume wetu amefariki, baada ya Ramadhani iliyopita. Ni kifua. Siku zake za mwisho aliniuliza, "Tume aliyahamishia wapi?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Afadhali." Nimeona nikuletee neno hilo, ni lako.

Ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Yule bwana amerudi. Alhamisi walisimama langoni na magari mawili. Safari hii hakutaka chai. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akachimbua changarawe kwa ncha ya kiatu. Amekuja na kijana wa huko kwenu anayejua vilima vyote. Wanajua jina lako. Wanajua jina la babako.

"Yule mwanamke yuko wapi?" akaniuliza.

Nikasema sijui.

"Fikiri vizuri, mama. Nitarudi kesho."

Jana, Ijumaa, walirudi baada ya swala. Nikamwambia uliolewa Kipsing, kwa wafugaji wa huko, na kwamba ulipita hapa na gunia mgongoni. Aliuliza mara ya pili, kwa sauti yake ile, nami nikajibu vile vile, nikimtazama machoni. Wakaondoka kuelekea magharibi. Lakini yule kijana wa kwenu aligeuka akanitazama kupitia dirisha mpaka gari likapotea. Sidhani aliamini.

Kwa hiyo, Tume, usiende yalipo maua msimu huu, hata kuyaangalia. Njia ya miguu yako ndiyo watakayofuata. Mgeni akikuuliza kama unanijua, sema hunijui. Na usinijibu barua hii. Ukitaka kunisamehe, nisamehe huko huko, lakini usinitajie mahali. Nashukuru kwamba sipajui.

Watoto wadogo nimewapeleka Meru kwa shangazi yao. Leo ni Jumamosi, na Kipsing si mbali kwa gari. Tangu asubuhi kila injini inayopita inapunguza mwendo mbele ya lango, au labda ni masikio yangu. Mama Guyo yuko mlangoni, ananihimiza nimalize. Namtoa kwa njia ya nyuma. Kisha nitafungua lango, niketi pale wanione mapema. Wataniuliza mara ya tatu.

Nitasema Kipsing.

Ni mimi, mke mwenzako,
Mama Rashid