Jembe la Mama Lisinisubiri

Kwa mdogo wangu Eliza,
nyumbani kwa mama, Kitahana.

Mwakeye, Eliza wangu. Nimeweka kalamu chini nikapiga makofi ya salamu hapa hapa kitandani, mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akachungulia kuona namsalimia nani. Nakusalimia wewe. Yesu aliyekulinda ukiwa tumboni mwa mama akulinde na leo. Je, kifua cha mwanao mdogo kimepona? Ile kona ya jiko inayovuja mmeiziba? Na wewe unakula, au unawagawia watoto halafu unakunywa maji? Niambie kweli, usinifiche kama mama alivyokuwa akinificha habari za miguu yake.

Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umevunjika.

Barua hii ina sehemu mbili. Hii ya kwanza ni yako peke yako. Ya pili utaisoma kwa sauti mbele ya baba mdogo Yona na mchungaji, nitakuonyesha pa kuanzia. Umesema baba mdogo hataki kusikia habari ya simu, eti sauti inaweza kuwa ya yeyote. Sawa. Mwandiko wangu anaujua, ndiye aliyenifundisha kuandika jina langu kwa kijiti mavumbini.

Nianze na kosa langu.

Nilikuambia nimepata kazi ya meli kule Dar. Sikukuambia kwamba nilipewa kuchagua. Pale ofisini kulikuwa na karatasi mbili ukutani, zile zile wanazochagulia wageni. Ya kwanza ilikuwa ya meli ya fukwe: wageni wanaota jua, wanaogelea, na baada ya wiki mbili mmerudi. Ya pili ilikuwa ya watu wanaopenda kupanda milima na kujua mambo ya kale: visiwa saba, miezi minne, kila kisiwa na mlima wake na magofu yake. Yule dada wa ofisini akaniuliza, "Mzee Zakaria, unataka ipi? Hii ya milima wanatafuta wabebaji wenye miguu kweli kweli."

Nikamuuliza jambo moja tu: "Inasimama njiani?"

"Inasimama sana! Kila kisiwa siku tatu, siku nne."

"Na ile ya fukwe?"

"Ile inasimama mara moja, kisha inarudi."

Eliza, mimi ni mtu wa Kitahana. Kwangu chombo kinachosimama njiani ni basi la Kibondo kwenda Kasulu. Ukipata habari mbaya unagonga bati, unashuka, unavuka barabara na kungoja la kurudi. Nilijua mama haendelei vizuri. Nikasema moyoni, nikiitwa ghafla, hii inayosimama sana ndiyo itakayonifikisha upesi. Nikapiga magoti nje ya ofisi nikamshukuru Mungu kwa kunionyesha. Niliacha wiki mbili nikachukua miezi minne ili niwe karibu na mama! Nani alinidanganya? Hakuna. Kisiwa nilikuwa sijakiona maishani mwangu.

Habari yako ya msiba ilinikuta kisiwa cha tatu. Tulikuwa tunashuka mlimani, nimebeba chakula cha wageni, simu ikapata mtandao ikaanza kulia mfululizo. Nikakusikia unalia. Sikungoja umalize. Nilikimbia mpaka melini, nikafunga begi, nikaenda kwa bosi.

"Bosi, mama amefariki. Nashuka hapa, nitatafuta gari."

Akanitazama. "Gari la kwenda wapi?"

"Lolote, hata la Dar. Mbele nitaunganisha."

Kulikuwa na baharia mmoja Mpemba, anaitwa Khatibu, anakunja kamba. Akacheka mpaka akakohoa. "Mzee wangu wa Kigoma! Huku ukigonga bati ukasema shusha, anayekupokea ni papa." Kisha akaona uso wangu. Akaacha kamba, akanishika mkono kama kipofu, akanipandisha juu kabisa, akanigeuza taratibu pande zote nne. Mbele maji. Nyuma ya ule mlima, maji. Akasema kwa sauti ya chini, "Umeona? Nisamehe, mzee wangu, sikujua ni mama."

Nikaona, Eliza. Siku hiyo ndiyo nilielewa nilichochagua.

Bosi si mtu mbaya. Alisema kisiwa kile hakina ndege, na meli haiwezi kugeuza na wageni wote kwa ajili ya mtu mmoja. Akanipa siku ya kupumzika. Nililia ndani ya taulo wageni wasisikie. Nimeomba mpaka maneno yameniishia, sasa naita tu jina la Mungu, Imana, Imana, basi.

Sasa tuko kisiwa cha tano, na hapa ndege ndogo inafika. Nafasi ilikuwa moja, na amepewa Festo wa Kasulu, mpishi wetu, aliyeteleza kwenye ngazi za jikoni akavunjika mkono. Ndiye atakayeleta barua hii. Nikuungamie: jana asubuhi nilisimama juu ya ngazi zile zile, nikalegeza vidole kwenye chuma. Nilitaka kujiachia. Nikivunjika, watanirudisha na mimi. Nikamsikia mama akiniita jina langu lote, vile alivyokuwa akiniita nikivunja chungu. Nikashika chuma tena, nikashuka kumenya viazi. Nilivimenya mpaka vikabaki kama karanga, Festo akaniuliza viazi vimenikosea nini.

Tena hapa hapa ndipo nilipoipata sauti yako ya pili kwenye simu. Kwamba mvua imeshapiga mara tatu. Kwamba maharage ya majirani yameota, na shamba la mama ni majani matupu. Kwamba baba mdogo amesimama mpakani na fimbo: shamba la marehemu haliguswi mpaka kifungua mimba wa kiume aje apige jembe la kwanza. Na kwamba amekuambia mbele ya watoto, "Mwanamke aliyeolewa akarudi hana mkono wa kufungua shamba." Ukaniuliza, "Kaka, unakuja lini?" Nikija, mvua itakuwa imekwisha. Watoto wako watano watakula nini? Swali lako nimetembea nalo kutwa nzima.

Haya. Anzia hapa kusoma kwa sauti. Baba mdogo mpe kile kiti cha mama chenye mgongo.

Baba mdogo Yona, shikamoo. Nakupigia makofi nikiwa nimeinama. Sijafa wala sijakimbia. Sikumzika mama yangu, na hilo nitalibeba mpaka siku nitakayoonana naye. Desturi yetu siidharau. Ningekuwa na njia ya kuja kwa miguu ningeshafika, hata kama ni kutoka Dar mpaka Kitahana.

Jana wageni walikwenda kwenye nyumba wanamohifadhi vitu vya kale. Yuko mgeni mmoja mzee, aliwahi kuwa mwalimu, anasoma kila kibao mpaka wenzake wanamnung'unikia. Mimi nilikuwa nyuma yake na mfuko wake wa maji. Akasimama mbele ya sanduku la kioo, akanipungia mkono nisogee. Ndani kulikuwa na jembe. Baba mdogo, si jembe la dukani. Ni isuka, ya chuma cha kufuliwa, pana kama moyo, na ule mkia mwembamba wa kuchomeka kwenye mpini, kama lile la babu ulilonionyesha. Limelika upande mmoja tu, kama lilivyolika la mama. Kiongozi wa wageni akaeleza kwamba lilifukuliwa kwenye shamba la miwa la zamani. Waliolima pale walikamatwa bara, mbali, wakavushwa bahari wakiwa wamefungwa, wala hawakurudi kwao.

Mwalimu akaniuliza kupitia kwa kiongozi, "Kwenu mnayo kama hili?" Nikaweka mfuko chini, nikalia. Akanipa leso yake.

Baba mdogo, mmoja wa watu wale alikuwa na shamba. Pengine alikuwa kifungua mimba kama mimi. Mvua ilipopiga, ndugu zake walifanya nini? Kama walikaa mpakani wakimngoja, ukoo wao uliishia pale pale kwenye majani.

Na wewe ulikuwepo, ndiye uliyetusimulia. Tulipovuka mpaka wa nchi kukimbilia Mabamba, baba amebaki ng'ambo, hata kaburi lake hatulijui. Kifungua mimba, ambaye ni mimi, nilikuwa mgongoni nanyonya. Eliza tumboni. Nani alipiga jembe la kwanza? Alipiga mama. Hukumzuia na fimbo. Ulinichukua mimi mgongoni mwake ukanibeba, ili aweze kuinama. Tumekua kwa jembe la mwanamke, baba mdogo, na wewe umekula mavuno yake.

Kwa hiyo mimi Zakaria, mtoto wa kwanza wa mama huyu, kwa akili zangu timamu, nampa Eliza mkono wangu. Atakapopiga jembe, nimepiga mimi. Mchungaji aombe kwanza. Kama kuna laana, ije huku niliko, maji ni mengi, itazama. Nami nakuomba wewe mzee wangu jambo moja tu: mchukue mwana mdogo wa Eliza umbebe, kama ulivyonibeba mimi.

Hapa acha kusoma kwa sauti.

Eliza, wifi yako ndiye atakayekufikishia karatasi hii. Festo atamkabidhi sokoni Kasulu, naye atapanda basi. Atakuwa amechoka, mpe maji ya moto, na umwambie mume wake bado ana meno yote. Msalimie jirani aliyemwosha mama. Huyo nikirudi nitamfuata kwa magoti. Wasalimie watoto wote watano, na yule mdogo mwambie mjomba wake amepanda mlima wenye wingu kichwani. Baba mdogo akikasirika usimjibu. Msubiri kidogo. Ni mtu anayelia baadaye.

Festo ameshavaa viatu, ananiita.

Anzia pale chini ya mgomba, mama alipokuwa akiweka mtungi wake, udongo wa pale ni laini. Umeniambia tangu msiba kila basi likipita unasimama kutazama kama nimeshuka. Siku hiyo usisimame. Ukiinua jembe, ipe barabara mgongo.

Mimi kaka yako, niliye katikati ya maji,

Zakaria