Napita Tu

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada ingawa shida yangu ni ndogo tu na huenda nakupotezea muda. Mimi ni binti niliyemaliza sekondari mwaka jana, nakaa kwa shangazi ambaye ni fundi cherehani, namsaidia kushona vifungo na kupiga pasi, na ng'ambo ya barabara wanajenga ghorofa refu, kuna winchi ile ndefu ya kunyanyulia nondo, na anayeiendesha ni mama mmoja mnene anayepanda ngazi zile kila asubuhi na chupa yake ya chai begani, na tangu nimwone nimekuwa naunguza nguo za watu kwa sababu macho yako juu, mshauri, sijawahi kutamani kitu hivi, nataka nikae kule juu mimi, nione chuma kizito kinashuka taratibu mpaka pale pale kinapotakiwa.

Mwezi uliopita wakatangaza wanataka vijana wa kufundishwa kazi hiyo, waliofaulu fizikia, na mimi nilifaulu vizuri tu. Nikavaa viatu vya kufunga kamba, nikapanga foleni getini na cheti mkononi, na zamu yangu ilipofika msimamizi akaniuliza, "Na wewe dada, umekuja kwa mafunzo?" na Mungu ni shahidi sijui nini kilinipata, nikasikia mdomo wangu unasema, "Hapana kaka, mimi napita tu." Kwenye foleni, mshauri! Na cheti mkononi! Akasema, "Basi pisha wenzako," nikapisha, na msichana aliyekuwa nyuma yangu anatafuna kucha akaingia, na leo namwona kutoka dirishani kwetu, amevaa kofia yake ngumu ya njano.

Nilirudi nikamsimulia shangazi huku nalia, binamu yangu akasikia, na sasa nyumba nzima wananiita Napita. Napita, lete maji. Napita, chakula tayari. Nacheka nao, halafu naingia bafuni nalia. Baba nilipompigia simu akasema, "Si neno mwanangu, kwani lazima?" Na ndiye huyo huyo ambaye matokeo yalipotoka na jirani akauliza, alijibu, "Kajitahidi tu," na mimi nilikuwa nyuma ya mlango nimebana pumzi nangoja anisifu.

Kinachoniua zaidi ni kwamba kijana mmoja kati ya waliochukuliwa alipanda ngazi mpaka katikati, akashuka anatetemeka na hakurudi tena, na sasa wamebandika tangazo kwamba nafasi moja iko wazi, mwisho Ijumaa hii. Kila asubuhi navuka barabara, nafika getini, nageukia duka la pembeni nanunua uzi. Shangazi sasa ana uzi wa kumtosha mpaka wajukuu. Ujasiri sina, wengine wamezaliwa nao na mimi nimenyimwa. Naona nikubali tu kwamba mimi ni wa vifungo, na kama huna jibu usijali, nilikuwa nauliza tu.

Napita

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole, na pole hiyo naitoa kwa moyo, maana kumwona mwenzako amevaa kofia uliyoikataa kwa mdomo wako mwenyewe kunauma. Pole imeishia hapo. Sasa tugombane.

Shida ndogo tu. Vizuri tu. Nauliza tu. Nilisoma barua yako na kalamu nyekundu, kila penye neno hilo nikazungushia, karatasi ikawa kama mtoto mwenye tetekuwanga. Eti huna ujasiri. Muongo we! Asiye na ujasiri hapangi foleni. Miguu yako ilikufikisha mpaka mbele ya msimamizi, ni ulimi uliokugeuka, tena kwa neno la nyumbani kwenu, lile "tu" la baba yako.

Baba yako simlaumu sana. Wazazi wengi huogopa kumsifu mtoto mbele ya jirani, wasije wakamwitia kijicho. Yeye alikuwa anafunika chungu, wewe ukadhani ni kitupu. Mpigie umuulize siku ile alijisikiaje, na usikate simu mpaka akujibu.

Sikudanganyi. Huenda ukafika ukakuta nafasi imekwenda. Huenda nawe ukafika katikati ya ngazi ukashuka unalia. Na hofu haitakuaga kwanza ndipo uende, utakwenda nayo hivyo hivyo.

Gazeti hili linatoka Jumatano, kwa hiyo una kesho na keshokutwa. Nenda kesho. Shangazi asimame dirishani, na akikuona unageukia duka la uzi, akufokee barabara nzima isikie. Binamu mwambie jina lile huliitikii tena. Na leo, ukipiga pasi, rudia maneno haya mpaka ulimi uyazoee: "Nimekuja kwa nafasi ya mafunzo." Basi, nyamaza hapo. Ukihisi ulimi unatafuta neno la kuongezea, ung'ate.

Wakikukataa utaumia, nami sitakuwa na dawa ya kukupa. Lakini watakuwa wamekukataa wewe, na cheti chako, na viatu vyako vya kamba. Mpaka leo hakuna aliyekukataa, mwanangu. Walimwambia mpita njia apishe.