Makapteni Wawili, Kiti Kimoja

Jumatatu, 3 Juni

Mwezi umepita tangu tumzike Kapteni wetu, mkuu wa sisi Wagriqua. Hakuacha mtoto, hakuacha neno. Leo mume wangu Abram kaamka na ukoo! Ati nyanya wa babu yake ndiye aliyebeba birika la Kapteni Adam Kok, Wagriqua walipovuka milima na magari ya ng'ombe kuja huku Kokstad. Kwa hiyo kiti ni chake. Kwa birika!

Anataka nimwite Kapteni. Nikamwambia: Kapteni, masufuria yanakungoja.

Jumanne, 4 Juni

Mdogo wangu Salmon kasikia. Kaja mbio, anahema. Ati babu wa babu yetu ndiye aliyeendesha gari la kwanza mlimani.

— Lilibingirika! Abram akamkatiza.

— Lilibingirika kwa heshima!

Chai ilinitoka puani. Lakini miaka yote hawa wawili hunyoa kondoo pamoja. Leo kila mmoja kaondoka na mkasi wake. Hapo sikucheka.

Ijumaa, 7 Juni

Pazia langu la kijani sasa ni joho. Abram alitembea nalo uani, akiwapungia kuku mkono. Jogoo hakuinama.

Jumapili, 9 Juni

Niko jikoni mwa ukumbi wa kanisa. Mlango nimeukomea.

Baada ya ibada wote wawili walikikalia kiti cha marehemu — kila mmoja tako moja! Tukaimba wimbo mzima, hakuna aliyeinuka. Ndipo akasimama Shangazi Griet, anayeogopwa hata na mchungaji.

— Birika si ukoo. Abram, shuka!

Abram akashuka. Salmon akaanza kutabasamu.

— Na wewe! Kama ni gari la babu yenu, kifungua mimba nyumbani kwenu nani?

Wanawake wote, na kofia zao nyeupe, wakanigeukia mimi. Nikakumbuka nyama ya kondoo iko motoni. Nikatoka mkuku!

Sasa wanagonga.

— Mke wangu, usikubali! Nani atapika?

— Dada, usikubali!

Wamepatana, maadui hawa! Wanausukuma mlango bega kwa bega.

Shangazi naye: — Kapteni, fungua, nyama inaungua!

— Naam! wakaitika wote wawili.

— Si nyinyi!

Nyama kweli inaungua. Nimeepua sufuria. Aproni nimeivua. Nakaza kamba za kofia yangu —