Radek Alionekana Uwanjani

Gdańsk, 12 Mei 2012

Mwanangu Radek,

Salamu nyingi. Mimi sijambo. Mama yako ndiyo hivyo tena: daktari kasema tusitegemee kwamba atafika vuli. Anakuulizia wewe tu. Nasikia Waayalandi wa huko kwenu watacheza hapa Juni, kwenye uwanja mpya, huu wa rangi ya kaharabu tunaouona kutoka dirisha la jikoni. Ndege za mashabiki zitakuwa tele, panda mojawapo. Mpira si lazima. Njoo umwone mama.

Baba yako

Cork, 2 Juni

Baba,

Salamu kwako na kwa mama. Mimi mzima. Bosi kanibana, ruhusa hakuna kabisa. Agosti nitakuja, haki ya Mungu. Nibusie mama, na asibishane na dawa.

Mwanao Radek

Gdańsk, 16 Juni

Radek,

Hujambo? Sisi tuko vilevile. Juzi tulitazama mechi chumbani kwa mama. Mlifungwa manne na bado mkaimba, loo, tukawasikia hadi huku. Kamera ikapita jukwaani, ikakuonesha wewe, umejipaka kijani usoni. Mama akapiga kelele, "Radek wangu huyo!" Kisha akasema, "Kavaa kishati chepesi, atashikwa na mafua." Kaniomba nisikuandikie hili. Ningekasirika, lakini sisikii kitu, kama fizi iliyopigwa ganzi.

Baba

Cork, 25 Juni

Baba,

Hata salamu sijui nianzeje. Ni kweli. Ruhusa nilipewa siku ileile niliyoomba. Mchana kabla ya mechi nilipanda ngazi hadi mlangoni kwetu, rangi ikiwa usoni. Nikamsikia mama anakohoa. Haikuwa sauti yake. Niliogopa, baba. Sikubonyeza kengele, nikarudi kwa wenzangu tukanywa. Nitukane basi, lakini usininyamazie.

Radek

Gdańsk, 4 Julai

Mwanangu,

Sikutukani, hamu sina. Kengele ni mbovu tangu majira ya baridi, hata ungebonyeza tusingesikia. Mlango ndio ulikuwa umerudishiwa tu, ungeusukuma ungefunguka. Tangu asubuhi mama alinikataza kuutia komeo: "Mechi ni jioni, mtoto atapita nyumbani kwanza." Nikamwambia, kaandika haji huyo. Akanijibu, "Humjui wewe."

Leo kakuulizia tena. Mimi nimechoka kukungoja, Radek. Yeye bado.

Baba yako